Pasi ya chini kwa wanafunzi wa sekondari: uanze na mikono au uanze na mchezo?

Mwalimu mwenye vipindi sita vya mpira wa wavu na darasa la wanafunzi arobaini hana muda wa kupoteza. Katika vipindi hivyo, ujuzi mmoja ndio unaoamua kama watacheza au watatumia muda wote kuokota mipira: pasi ya chini, ile ya vigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo), ambayo wengi huiita digi. Timu ina miguso mitatu tu kabla ya kurudisha mpira. Mguso wa kwanza ukiharibika, hakuna wa kupanga wala wa kupiga smashi, na wanafunzi watano kati ya sita waliomo uwanjani wanasimama wakimtazama mmoja akikimbiza mpira ukutani.

Kuna njia kuu mbili za kuifundisha, na walimu wa michezo hubishana juu yake bila kuchoka. Ya kwanza inajenga ujuzi kipande kwa kipande: jinsi ya kushika mikono, jinsi ya kusimama, mpira wa kurushiwa na mwenzako, kisha ukuta, na mchezo unakuja mwishoni. Ya pili inaanza na mchezo mdogo, wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, na inafundisha pasi pale wanafunzi wanapoona wenyewe kwamba bila pasi hawachezi. Nimetumia zote mbili. Nitaziweka bega kwa bega hapa, na sitaficha upande wangu.

Njia ya vipande

Ina sifa ambazo wanaoibeza huzisahau. Darasa linatulia. Mwalimu anaona mikono ya kila mtu, anapita kati ya mistari, anamrekebisha aliyekunja viwiko na aliyesimama wima kama mlingoti. Mwanafunzi anayeuogopa mpira, na katika kila darasa yupo, anaanza na mpira laini unaotoka kwa rafiki yake aliye mita tatu mbele. Haumizwi, hachekwi, na baada ya dakika kumi anaona kwamba mpira haung'ati. Kwa mtoto wa namna hiyo hizo dakika kumi ni kubwa kuliko zinavyoonekana.

Pia ni njia inayowezekana popote. Hata bila wavu na bila uwanja uliochorwa, wanafunzi wawili wawili na mipira michache inatosha.

Udhaifu wake hauonekani siku ile ile. Unaonekana wiki tatu baadaye, siku ya mchezo. Darasa langu moja lilifikia mahali ambapo jozi nyingi ziliweza kupigiana pasi ishirini mfululizo bila mpira kugusa chini. Nilifurahi sana. Kisha nikawagawa sita kwa sita, mwanafunzi wa upande wa pili akaanzisha mpira wa kawaida tu, wa mkono wa chini, ukapanda polepole, ukaja ukatua katikati ya wachezaji wawili waliokuwa wakitazamana. Ukatua tena. Na tena. Wale wale wa pasi ishirini. Niliwalaumu kwa uzembe, na nilikosea, kwa sababu walichokuwa wakikosa sikuwa nimewafundisha.

Njia ya mchezo kwanza

Wazo hili lilipata jina na mpangilio mwaka 1982, pale David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipotoa kielelezo chao cha kufundisha michezo kwa kuanza na kuuelewa mchezo wenyewe. Walichokiona kinajulikana kwa kila mwalimu: wanafunzi wanafundishwa ufundi mwingi ambao hawajui wautumie lini wala kwa nini.

Kwenye mpira wa wavu inakuwa hivi. Unafunga kamba katika urefu ambao wanafunzi wanaufikia, unachora viwanja vyembamba, mita tatu kwa tano hivi kila upande, wawili huku wawili kule. Mwanzoni mpira unarushwa kwa mikono kupita juu ya kamba, na anayepokea anaruhusiwa kuudaka. Kisha unaondoa ruhusa ya kudaka kwa mguso wa kwanza. Hapo swali linazuka lenyewe: mpira unakuja chini ya kifua, vidole haviwezi, nifanyeje? Sasa unasimamisha mchezo na kuonyesha vigasha. Wanasikiliza, maana jibu limekuja baada ya swali.

Na ndivyo pasi yenyewe ilivyozaliwa. Mpira wa wavu ulibuniwa mwaka 1895, na kwa miongo mingi wachezaji walipokea kwa vidole. Mbinu ya kupokea kwa vigasha ilijitokeza hadharani kwenye mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Prague mwaka 1958. Wachezaji walikuwa na tatizo, yaani mipira mikali na ya chini ambayo vidole havikuiweza kihalali, na mikono ikatafuta njia. Mwanafunzi anayepewa tatizo kabla ya dawa anapita njia ile ile kwa nusu saa.

Lakini njia hii nayo ina gharama. Mipira inaruka kila upande. Mwanafunzi mrefu mwenye nguvu anajichukulia kila mpira na mwenzake anageuka mtazamaji. Makosa ya mikono yanaweza kukaa, kwa sababu katika mchezo mwanafunzi anashangilia mpira kuvuka hata kama ameupiga kwa ngumi. Na aliyeogopa tangu mwanzo anaogopa zaidi, maana sasa anaogopa mbele ya watu.

Onyo moja kwa anayeipenda njia hii: mchezo kwanza maana yake mchezo *mdogo* kwanza. Ukiweka sita kwa sita na mpira mmoja, wanafunzi kumi na wawili wanagombea mpira huo na ishirini na wanane wamekaa kando. Huko ni kulinda watoto hadi kengele ilie.

Mpira unatoka wapi, na unakwenda wapi

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo darasa langu la pasi ishirini lilipoangukia.

Mnapopigiana pasi wawili wawili, mpira unatoka kwa mwenzako na unarudi kwa mwenzako. Anayerusha ndiye shabaha. Sasa tafuta kwenye mchezo halisi ni lini hali hiyo hutokea. Kwa mpokeaji, karibu haitokei kabisa. Mpira wa kuanzisha unatoka nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, lakini wewe unaupeleka kwa seta wako, yaani mpangaji wa mpira, aliye karibu na wavu, kulia kidogo ya katikati. Unatoka huku, unakwenda kule. Ukiurudisha ulikotoka umewapa wapinzani mpira wa bure.

Vigasha vikiungana vinakuwa kama ubao, na mpira unadunda kwenye ubao kama mwanga kwenye kioo: mwinamo wa ubao ndio unaoamua uelekeo. Mwanafunzi aliyefundishwa wawili wawili anajua mwinamo mmoja tu, ule wa kuelekea mbele moja kwa moja. Mweke nyuma kushoto mwa uwanja, apokee mpira unaokuja upande wake wa kushoto: anatakiwa ashushe bega la kulia na kuinua la kushoto ili ubao utazame kwa seta. Hakuna hata moja kati ya zile pasi ishirini iliyomtaka afanye hivyo.

Tofauti ya pili ni umbali. Mwenzako anarusha kutoka mita tatu au nne. Uwanja una mita 9 kila upande, na mpokeaji husimama mita tano au sita kutoka kwenye wavu, kwa hiyo mpira wa kuanzisha unasafiri mita kumi na nne au zaidi kabla ya kumfikia. Katika safari hiyo kuna habari tele: unapanda au unashuka, utakuwa mfupi au mrefu, wangu au wake. Kuisoma ndiyo nusu ya kwanza ya kupokea. Mpira wa kurushiwa karibu hauna habari ya kusoma, kwa hiyo macho hayajifunzi.

Ya tatu ni ndogo kuisema na kubwa uwanjani. Wawili wawili, mpira ni wako daima. Hakuna sababu ya kupaza sauti. Ndiyo maana darasa langu lilikuwa likitazamana. Kuita "Wangu!" mapema, kabla mpira haujavuka wavu, ni sehemu ya pasi kama vile magoti yalivyo sehemu ya pasi, na hujifunzwa pale tu ambapo kuna shaka mpira ni wa nani.

Dawa ya haya yote haihitaji kuitupa njia ya vipande. Inahitaji kubadilisha umbo la zoezi kutoka mstari kuwa pembetatu. Mmoja anarusha, wa pili anapokea, wa tatu ni shabaha, amesimama pembeni na ameinua mikono. Baada ya mipira mitano mnabadilishana. Ni wanafunzi wale wale na mipira ile ile, lakini sasa ubao unajifunza kuinama. Ongeza mpokeaji wa pili kando ya yule wa kwanza, na kuita "Wangu!" kunaanza bila hotuba. Hatimaye mweke anayerusha upande wa pili wa wavu, na tayari umeingia nusu ya mchezo.

Kama utabadilisha kitu kimoja tu baada ya kusoma haya, badilisha hicho.

Kurudia kimoja au kuchanganya

Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan waliwapa watu kazi tatu za kusogeza mkono haraka kwa mpangilio maalumu. Kundi moja lilimaliza kazi ya kwanza yote kabla ya kwenda ya pili, jingine lilizichanganya. Waliochanganya walikuwa wabaya zaidi wakati wa mazoezi. Walipopimwa baadaye, baada ya dakika kumi au baada ya siku kumi, wakawa bora. Majaribio mengi yamefuata tangu hapo katika michezo mbalimbali, na ingawa tofauti si kubwa kila mahali, funzo kuu kwa mwalimu linabaki: zoezi linaloonekana zuri leo si lazima liwe ndilo linalodumu.

Kwa darasa maana yake ni hii. Mipira ishirini inayofanana, kutoka mahali pamoja, inampa mwanafunzi furaha na kumpa mwalimu picha nzuri ya kumwonyesha mkuu wa shule. Mipira ishirini tofauti, mmoja mfupi, mmoja wa kushoto, mmoja unaotaka vidole, inaleta makosa mengi na kelele nyingi, na inabaki mwilini.

Ila kuna mpaka. Mwanafunzi ambaye bado hajaweza kuunganisha vigasha vyake, ukimchanganyia kila kitu anazama. Anahitaji mipira kumi au kumi na tano inayofanana ili mwili upate umbo la kwanza. Njia ya vipande hukosea kwa kumwacha huko wiki mbili, na njia ya mchezo hukosea kwa kumnyima hata hiyo kumi.

Maneno ya mwalimu: mwili au mpira?

Njia ya vipande hupenda maneno ya mwili. "Nyoosha viwiko. Kunja magoti. Weka vidole gumba sambamba." Njia ya mchezo hupenda maneno ya matokeo: "Mpe seta mpira wa kupangika. Upandishe juu kuliko wavu."

Mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walilijaribu jambo hili kwenye mpira wa wavu wenyewe, katika kuanzisha mpira, na matokeo yao yakatoka mwaka 2002. Waliopewa maelekezo yanayohusu kinachotokea nje ya mwili walilenga vizuri zaidi kuliko walioambiwa kuhusu viungo vyao. Ule ulikuwa mpira wa kuanzisha, si pasi ya chini, lakini mwelekeo huo umeonekana katika ujuzi mwingi, na uwanjani naona hivyo hivyo.

Sisemi uache kabisa kutaja kiwiko. Sema mara moja, mwanzoni, kisha lihamishe neno. Badala ya "nyoosha viwiko", sema "ubao usiwe na ufa". Badala ya "shusha bega", sema "ubao umtazame seta". Mwanafunzi wa miaka kumi na tano, anayejitazama kila saa na kuhisi kila mtu anamtazama, ukimrudishia macho kwenye mwili wake mwenyewe anakakamaa. Mpe kitu cha kutazama kilicho nje yake.

Kushika mikono

Nipite haraka, maana vipindi vingi vimeteketea hapa. Kuna anayefunga ngumi moja na kuifunika kwa kiganja cha pili, na kuna anayelaza vidole vya mkono mmoja juu ya vingine kisha anakunja vidole gumba vikae pamoja. Zote zinafaa. Isiyofaa ni kupishanisha vidole kama mtu anayeomba dua, kwa sababu mikono haiachani upesi na mtu akianguka navyo vimefungamana anaweza kuviumiza. Vidole gumba viwe sawa, vielekee chini, mpira uguse nyama ya vigasha juu kidogo ya kifundo cha mkono. Saa na bangili zivuliwe. Dakika tano zinatosha.

Kuikabili shabaha au kuukabili mpira

Vitabu vya zamani vilimtaka mpokeaji aende nyuma ya mpira na kugeuza mwili mzima umtazame seta. Makocha wengi wa sasa wanafundisha kifua kielekee mpira unakotoka na ubao pekee uiname. Kila upande una hoja. Kugeuza mwili kunampa anayeanza ubao ulionyooka bila kufikiri juu ya mabega, na kwa mipira ya polepole muda upo. Lakini mpira ukishaongezeka kasi kidogo muda huo unakwisha, na mwanafunzi anakutwa katikati ya kugeuka, mguu mmoja hewani.

Kwa sekondari nachagua kuinamisha ubao tangu siku ya kwanza, nikiwaruhusu wenye muda wageuke. Sababu ni kwamba anayejua kuinamisha anaweza kugeuka bila kufundishwa, na anayejua kugeuka tu hawezi kuinamisha bila kuanza upya.

Vivyo hivyo kuhusu miguu. Mpira laini wa kurushiwa hauna nguvu, kwa hiyo mwanafunzi anajifunza kuubeba kwa kunyanyuka na magoti, au vibaya zaidi, kwa kurusha mikono juu kama anayetwanga. Tabia hiyo inakutana na mpira wa kuanzisha wenye kasi, na mpira unagonga dari. Mpira mkali unataka ubao uliotulia, hata urudi nyuma kidogo. Mpira dhaifu unataka miguu. Mwanafunzi ajue yote mawili, na hatajua kama mipira yote anayopata ni dhaifu. Hii ni sababu nyingine ya kuwahisha wavu.

Mpira mwepesi au mpira kamili

Mpira rasmi una uzito wa gramu 260 hadi 280. Kwa mwanafunzi ambaye vigasha vyake havijawahi kupigwa na kitu, mipira thelathini inatosha kumwachia alama nyekundu, na kesho yake anakuja na sababu ya kutoshiriki. Wapo walimu wanaosema atazoea. Atazoea, ndiyo, ila kabla hajazoea atakuwa amejifunza kuvuta mikono nyuma mpira unapofika, na tabia hiyo itamkaa muda mrefu kuliko maumivu yenyewe.

Mpira mwepesi wa mazoezi unaondoa woga na unakaa hewani kidogo zaidi, kwa hiyo miguu inapata muda wa kufika. Ubaya wake ni kwamba hauendi kama mpira halisi. Nje, upepo unauchezea. Kama una mipira ya aina zote mbili, anza na mwepesi vipindi viwili na uwaache wenyewe waombe ule wa kweli. Kama una mipira kamili tu, punguza upepo ulio ndani yake kidogo chini ya kiwango rasmi, ruhusu mikono mirefu ya nguo, na punguza idadi ya marudio kwa siku. Hapa sina mzozo na upande wowote. Linalonigusa ni mwanafunzi yule anayesimama nyuma ya wenzake akijishika mkono.

Kupima: ukuta au wavu

Mtihani wa ukuta ni rahisi: hesabu mara ngapi mwanafunzi anapiga mfululizo bila mpira kuanguka. Hauna ubishi, na mwanafunzi anaweza kujipima mwenyewe akiwa peke yake. Lakini unapima utulivu wa mikono mbele ya mpira unaourudisha mwenyewe. Nimewaona wenye alama za juu ukutani ambao hawakuweza kupokea mpira mmoja kati ya mitatu.

Kipimo cha pili ndicho wanachotumia makocha, cha 0 hadi 3. Mpira ukimfikia seta alipo, akaweza kupanga popote, ni 3. Akilazimika kusogea lakini bado ana uchaguzi, 2. Ukipangika kwa shida, mahali pamoja tu, 1. Ukipotea, 0. Mwanafunzi anapokea mipira kumi iliyoanzishwa kutoka upande wa pili na mwenzake anaandika. Aliyepata 3, 2, 2, 0, 1, 3, 2, 1, 0, 2 ana jumla ya 16, wastani wa 1.6, na kwa anayeanza hiyo ni kazi ya kujivunia.

Kipimo hiki kinakula muda na kinamtegemea anayeanzisha. Kama waanzishaji ni dhaifu, wasogeze waanzishie katikati ya uwanja, au warushe kwa mikono miwili kutoka juu ya kichwa. Faida ambayo sikuitegemea nilipoanza kukitumia ni kwamba anayeandika anajifunza kama anayepokea. Akiandika 1 mara tatu anaanza kujiuliza kwa nini si 2, na anaanza kuitazama mikono ya mwenzake kwa macho ya mwalimu.

Uchague ipi?

Inategemea ulicho nacho.

Ukiwa na darasa kubwa, mipira michache, huna wavu, na wanafunzi hawajawahi kucheza, anza na vipande, lakini vipande vya pembetatu. Kipindi cha kwanza pekee kiwe cha mikono na mpira wa kurushiwa. Kuanzia cha pili, kamba iwe imefungwa hata kama ni kati ya miti miwili, na kila mpira upite juu yake.

Ukiwa na darasa dogo, au wanafunzi ambao wengi wamewahi kucheza mitaani, ingia mchezoni moja kwa moja na utoe vipande kwa dharura tu. Simamisha mchezo dakika mbili, rekebisha jambo moja, endelea. Jambo moja, si matatu.

Ukiwa na darasa lenye mchanganyiko mkubwa, wapo wa timu ya shule na wapo wanaofumba macho mpira ukija, usitafute njia moja ya wote. Gawa viwanja. Kimoja wacheze kwa kudaka mguso wa kwanza, kingine bila kudaka, cha tatu kwa sheria kamili, na kila mwanafunzi achague mwenyewe pa kuanzia. Wengi huchagua kwa uaminifu kuliko unavyodhani, na huhama wenyewe wakiwa tayari.

Ukiandaa timu ya mashindano ni habari nyingine. Hapo muda upo, na vipande vina nafasi yake ya kudumu, hasa kusogea kwa hatua za kando na kupokea mpira wa pembeni ya mwili.

Mimi, kwa vipindi sita na wanafunzi arobaini, leo ninafanya hivi. Kipindi cha kwanza: dakika kumi za mchezo wa kurusha na kudaka juu ya kamba, dakika ishirini za vigasha katika pembetatu, kisha mchezo tena na mguso wa kwanza bila kudaka. Cha pili na cha tatu: wapokeaji wawili, mrushaji ng'ambo ya wavu, seta pembeni, na kuita "Wangu!" ni lazima, mpira usioitwa ni pointi ya wapinzani hata ukivuka. Cha nne: mpira unaanzishwa kweli, kutoka karibu. Cha tano: watatu kwa watatu, na timu inapata pointi mbili ikishinda kwa miguso mitatu kamili. Cha sita: mipira kumi, kalamu, na 0 hadi 3.

Kwenye kipindi cha tatu usitazame mikono. Simama nyuma ya anayerusha na utazame macho ya wapokeaji. Yule ambaye macho yake yanaondoka mikononi mwake na kuufuata mpira tangu unapomtoka mrushaji, ambaye miguu yake inaanza kusogea mpira ungali upande wa pili, huyo ameshaanza kupokea, hata kama ubao wake bado una ufa. Mpangie karibu na mwenye mikono mizuri anayechelewa kusogea, na uwaache wafundishane kipindi kizima.